Mkwe Upande wa Pili wa Khanga

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi ya uuguzi niliuanza nikiwa na imani moja kubwa: kwamba mtoto mgonjwa halazwi peke yake, hulazwa pamoja na watu wake wote, na hospitali inayowafungia watu hao nje ya mlango inamtibu nusu mtoto. Sentensi hiyo niliitunga mwenyewe chuoni, nikaisema mbele ya darasa, nikapigiwa makofi. Nilipopangiwa hospitali moja ndogo mjini Same, katika chumba cha uangalizi maalumu wa watoto, niliingia nayo kifuani kama mtu aliyebeba yai bichi.

Chumba chenyewe kilikuwa na vitanda vichache, mashine za oksijeni, kitanda kimoja cha joto kinachotegemea umeme, na umeme wenyewe ulikuwa na hiari yake. Dirisha lilitazama milima, lakini mara nyingi hatukulifungua, kwa sababu upepo wa Same haujui kuingia mahali bila kuja na vumbi. Kwa miaka mingi desturi ya chumba ilikuwa moja: mzazi anaingia, anamtazama mtoto wake, anatoka, anakwenda kukaa kwenye benchi la nje na kukisia. Muuguzi kiongozi wetu, mama wa makamo wa Kichaga kutoka Rombo, alikilinda chumba hicho kwa usafi na ukali, na watoto wengi walikuwa hai kwa sababu ya ukali huo. Nilijua hivyo. Hata hivyo nilimsumbua kila siku awaruhusu wazazi kukaa ndani, tukila, tukinawa, tukikabidhiana zamu, mpaka siku moja alipoweka kikombe chake mezani na kusema:

“Haya, jaribu. Familia moja. Wakinipikia makande humu ndani, nawatoa wao, nakutoa na wewe.”

Familia hiyo moja ilishuka kutoka Suji. Mama mjamzito alikuwa ameshikwa na kifafa cha mimba huko juu, akateremshwa mlimani kwa gari la jirani, akapasuliwa, na sasa alikuwa amelala wodi ya wanawake akizinduka na kusinzia. Mtoto wake alikuwa wa kike, njiti, mwenye mpira wa oksijeni puani na uso wa mtu aliyeamshwa kabla ya wakati na ambaye bado hajaamua kama atalalamika. Alikuwa na tatizo moja lililotutia hofu sote: akipoa, alisahau kupumua. Ungemgusa unyayo, angekumbuka. Umeme ukikatika, kitanda kikapoa, angesahau tena.

Daktari wetu, kijana mwenye sauti ya chini, aliniita pembeni.

“Akiendelea hivi, itabidi nimpeleke hospitali ya rufaa. Mama yake hawezi kusafiri kwa sasa. Watatengana, na sijui kwa muda gani. Na safari yenyewe, kwa mtoto kama huyu…”

“Akipata joto lisilokatika?”

“Akipata joto lisilokatika, tutasubiri naye hapa hapa.”

Joto lisilokatika lilikuwepo. Liko katika kifua cha kila mtu aliye hai. Mtoto anafunguliwa nguo, anabaki na kofia na nepi, anawekwa ngozi kwa ngozi juu ya kifua, anafungwa kwa kitambaa, na anakaa hapo mchana kutwa na usiku kucha. Mama hakuweza, lakini watu wawili waliweza. Wa kwanza alikuwa baba yake, mkulima wa tangawizi, mrefu, mpole, mwimbaji wa besi katika kwaya ya kanisa lao. Wa pili alikuwa bibi, mama mzazi wa yule mama mgonjwa, aliyeshuka Suji na sweta la sufu na kukataa katakata kulivua katika joto la Same mpaka nilipomwambia kwamba mjukuu analihitaji hilo joto lililomo ndani.

“Kumbe mngesema mapema,” alisema, na sweta likavuliwa.

Nikapanga zamu. Bibi asubuhi, baba mchana, kisha bibi tena, na kwa kuwa mtoto hakupaswa kupoa hata kidogo, angepitishwa moja kwa moja kutoka kifua hadi kifua. Niliutazama mpango huo kwa furaha ambayo sitaificha. Huu ndio ukoo ndani ya mlango! Nilikuwa nimesahau jambo moja tu, ambalo kila mtu aliyezaliwa kwenye milima hii ya Upare analijua kabla hajajua kusoma. Wazazi wangu ni watu wa Shighatini. Baba yangu mzazi, mpaka leo, akimwona bibi mzaa mama yangu anakuja kwenye njia, hukumbuka ghafla kwamba ana shughuli shambani. Mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono. Hawaketi benchi moja. Husalimiana kwa mbali, macho chini, kwa heshima inayokaribia hofu.

Na mimi nilimwita yule baba ndani, nikamwonyesha kona, nikamwambia afungue shati. Alifungua vifungo vyote kwa utii wa mwanafunzi. Kisha nikamwambia ageuke ampokee mwanawe.

Akageuka. Bibi naye, ambaye nilikuwa nimemfungua kitambaa ili kumtoa mtoto, akainua uso.

Mwimbaji yule wa besi alitoa sauti ambayo hakuna mwimbaji wa besi anayepaswa kuwa nayo. Kilichofuata nilikiona kwa vipande: shati likipepea, mlango ukijibamiza, bibi akijifunika khanga kichwani mpaka kiunoni, na mtoto, ambaye hakuwa amesahau kupumua hata kidogo, akipiga chafya.

Nilimkuta baba huyo nyuma ya tangi la maji. Shati lilikuwa limefungwa mpaka shingoni, kila kifungo tundu moja juu ya mahali pake.

“Sista,” alisema, “unataka kuniua?”

“Kaka, mwanao anakuhitaji.”

“Najua ananihitaji. Lakini mle ndani mama mkwe yuko… yuko…”

“Yuko vipi?”

“Hayo siwezi kuyasema. Wala sikuyaona. Andika kwamba sikuyaona.”

Nilirudi ndani. Bibi alikuwa bado chini ya khanga, na mjukuu wake chini ya khanga hiyo hiyo, wote wawili kama mzigo mmoja uliosahaulika stendi.

“Mwanangu,” sauti ilitoka humo, “hivi kwenu ni wapi?”

“Shighatini, bibi.”

“Na kule Shighatini hakuna wakwe?”

Muuguzi kiongozi, ambaye kwa wiki zote nilizomfahamu sikuwahi kumwona akicheka, alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili na mabega yakimtikisika.

“Nyie Wapare!” alisema alipoipata pumzi. “Mtoto anahitaji joto, nyie mnataka kwanza ifunguliwe kesi ya nani kamwona nani!”

“Nyamaza wewe Mchaga,” ilijibu khanga. “Hiki si kibanda chako cha duka ukapige kelele mlangoni.”

“Kingekuwa duka langu ningeshawauza nyote wawili kwa bei ya jioni.”

“Nani angetununua? Mchaga mwenzio?”

Nilisimama katikati ya utani huo wa kale, Mpare na kesi zake, Mchaga na biashara yake, nikiwa na shahada yangu na aibu yangu, nikaanza kucheka na mimi, kicheko kile kinachokuja pale hofu inapokuwa imekaa tumboni muda mrefu. Lakini mtoto hakuwa na muda wa kicheko chetu. Bibi alikuwa na uchovu wa kukesha na kushuka mlima. Asingeweza kuwa kifua peke yake mchana kutwa na usiku kucha. Bila baba, kitanda cha umeme. Na kitanda cha umeme maana yake ilikuwa safari ya rufaa.

Suluhisho lilitoka kwa bibi mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayetoa amri nyumbani kwake. Alinituma nichukue khanga ya pili kwenye kikapu. Ncha moja tuliifunga kwenye stendi ya dripu, nyingine kwenye komeo la dirisha, na chumba cha uangalizi maalumu kikapata ukuta mwekundu wenye maua meusi. Kiti kimoja kikawekwa huku, kingine huko. Muuguzi kiongozi aliikagua khanga kama anavyokagua kila kitu, akaitaka ifuliwe kwanza, ikafuliwa, ikakauka kabla hatujamaliza kubishana, kwa maana jua la Same nalo lina faida zake. Nikamfuata baba nyuma ya tangi. Aliinama kupita mlangoni, akaketi upande wake, akajiweka tayari kimya.

Mimi nikawa daraja. Nilipiga magoti sakafuni, nikampokea mtoto kwa bibi akiwa amefunikwa, nikampitisha chini ya khanga, nikamlaza juu ya kifua kipana kilichonukia sabuni na tangawizi. Baba akaacha kupumua. Mtoto akaendelea.

“Pumua, kaka,” nilimwambia. “Wasiwe wawili wanaosahau.”

Ndipo sauti ilipotoka upande wa pili.

“Mjukuu wangu, msalimie baba yako. Mwulize kama mikono ameiosha mpaka kwenye viwiko.”

Kisha besi ile, polepole na kwa uangalifu, ikamwambia kiumbe aliyelala kifuani:

“Mwanangu, mwambie bibi shikamoo. Mwambie nimeosha.”

“Marahaba, mjukuu. Mwambie na kucha.”

“Mwambie na kucha, mwanangu.”

Hivyo ndivyo walivyozungumza tangu wakati huo. Mimi, niliyesoma mlolongo mzima wa nadharia za mawasiliano na familia, sijawahi kuona mawasiliano ya namna ile. Kila kitu kilipita kwa mtoto. Bibi alimwambia mjukuu amwambie baba asijikunje mgongo. Baba alimwambia mwanawe amwambie bibi kwamba jirani amepiga simu, ng’ombe amekamuliwa, na mbuzi yule mkorofi amekula tena ua la mchungaji. Baba alipoanza kuimba kwa sauti ya chini, ile inayotetemesha mbavu, tuliona kwenye kioo cha mashine kwamba mtoto anatulia na kupumua kwa mpangilio, na nusura nipige makofi. Kisha ukuta mwekundu ukasema:

“Mjukuu, wimbo ni mzuri. Lakini mwambie baba yako ule ubeti wa pili anauimba kama mtu anayeshuka ngazi gizani.”

Kifua kikacheka, na mtoto akapanda na kushuka juu ya kicheko hicho kama mtu aliyelala juu ya godoro lililojazwa upepo.

Katikati ya furaha yote hiyo, nilikuwa na wajibu wangu. Nilitakiwa kuwauliza wazazi kama wameridhika na huduma. Nilimwuliza baba, akasema ameridhika kabisa. Nilimwuliza bibi, akanishika mkono.

“Tumeridhika sana, mwanangu. Mungu awazidishie.”

Kila familia niliyowahi kuiuliza ilinijibu hivyo, kwa maneno hayo hayo. Niliandika moyoni: wameridhika. Nikageukia kitanda kingine kurekebisha mpira wa oksijeni wa mtoto mwingine, na nyuma yangu nikasikia bibi akiendelea na mazungumzo yake ya kawaida, akidhani simsikilizi, au labda akijua vyema kwamba ninamsikiliza.

“Mjukuu wangu, watu hawa ni wema, hilo tusiwadhulumu. Ule mlango wao unajibamiza kama wa ghala, unakushtua, nakusikia unavyoruka. Yule daktari anakuja, anatazama, anaguna, anaondoka. Lile guno sijui ni la heri au la shari. Na huyu binti wa Shighatini ana maneno mengi mazuri, lakini hajatuambia hata mara moja kama utaishi.”

Mikono yangu ilisimama. Sentensi yangu ya chuo, ile ya nusu mtoto, ilikuwa imekaa mdomoni mwangu kwa muda mrefu hivi kwamba sikuona ilivyoziba njia ya sentensi nyingine iliyokuwa fupi na ya lazima zaidi. Nilikuwa nimewaingiza ndani ya mlango, nikawaacha waendelee kukisia, sasa wakiwa wameketi karibu zaidi.

Ningeweza kumgeukia na kujieleza. Badala yake nilipiga magoti mahali pale pale pa kupitishia mtoto, katikati ya pande mbili za khanga, na kuzungumza kwa njia iliyokuwa wazi, ile ya kupitia kwa mtoto.

“Mtoto,” nilisema, “mwambie bibi, na baba naye asikie. Bado tuna hofu. Unasahau kupumua ukipoa, na ukipoa tena kama mwanzo itabidi upelekwe mbali, na mama yako abaki. Lakini tangu uanze kukaa vifuani hujasahau hata mara moja. Daktari akiguna mara moja amefurahi. Akiguna mara mbili anafikiri. Kama utaishi, sijui. Nadhani utaishi. Nikijua zaidi nitakuja hapa hapa niseme, liwe zuri au baya.”

Upande mmoja nilisikia bibi akipenga kamasi. Upande wa pili besi ikamgeukia mtoto.

“Mwanangu, mwambie sista asante. Mwambie hivyo ndivyo tulivyotaka.”

“Na mwambie,” alisema bibi, “kuhusu mlango.”

Muuguzi kiongozi, aliyekuwa anasikia kila kitu, alitoka nje. Alirudi na kipande cha ndala kuukuu na misumari midogo, akakipigilia kwenye fremu ya mlango. Tangu hapo mlango ulijifunga kama mtu anayefumba kope. Alipomaliza alisimama mbele ya khanga, akaiweka sawa kofia yake, akainama kumwelekea mtoto.

“Mjukuu wa Wapare,” alisema kwa ukali wake wote, “mwambie bibi yako kwamba habari ya mlango imekwisha. Kama ana malalamiko mengine ayalete sasa, kabla hajaenda nayo mahakamani.”

“Mwambie Mchaga,” ilijibu khanga, “kwamba leo amefanya kazi bila kudai faida, tumwite mchungaji aje aone.”

Umeme ulikatika mchana mmoja wa upepo mkali, ukakatika kweli, kwa saa nyingi. Jenereta ilichukua mashine za oksijeni peke yake. Kitanda cha joto kikapoa taratibu mbele ya macho yetu, kitupu, huku mtoto aliyepaswa kuwemo akitoa jasho chini ya kofia yake juu ya kifua cha mkulima. Tulimpitisha kwa bibi, tukamrudisha kwa baba, chini ya khanga, kwa wepesi wa watu waliozoea kupokezana matofali, na kila mara nilipogusa unyayo wake ulikuwa wa moto kama kiazi kilichotoka jivuni. Daktari alikuja na tochi ya simu, akamtazama. Aliguna mara moja. Pande zote mbili za khanga zikashusha pumzi kwa pamoja.

Siku chache baadaye, asubuhi, daktari yule alisema kwamba angeondoa mpira wa oksijeni ajaribu. Kama angehimili, habari ya rufaa ingekwisha. Kama asingehimili, gari lilikuwa tayari nje, na dereva alikwishaambiwa. Nilikwenda kwenye khanga nikayasema yote hayo, kama nilivyoahidi, habari ya gari pia. Mtoto alikuwa kwa baba. Baba alifumba macho. Mpira ukatolewa puani taratibu. Muuguzi kiongozi alisimama akiwa na vidole karibu na unyayo wa mtoto, bila kuugusa.

Tulitazama kioo cha mashine. Namba zilishuka kidogo, zikakaa, zikashuka tena kidogo. Hakuna aliyeimba. Kisha, kwa dharau fulani, kana kwamba anauliza tulikuwa tunahangaikia nini, mtoto alipiga mwayo mkubwa kuliko uso wake, na namba zikapanda, zikabaki juu. Tulisubiri. Tukasubiri tena, kwa sababu hatukuziamini. Daktari aliguna mara moja, kisha akasahau ustaarabu wake na kuguna mara nyingi mfululizo.

“Mwambieni dereva akanywe chai,” alisema.

Katika chumba kile ambako kwa miaka hakuna aliyeruhusiwa kupaza sauti, bibi alipiga kigelegele. Kilikuwa kirefu, cha milimani, cha kufika bonde la pili. Niliogopa kumtazama muuguzi kiongozi, na nilipomtazama nilimkuta amefumba macho naye anapiga cha kwao Rombo, kwa ushindani wa wazi. Bibi aliinuka, akaing’oa khanga kutoka kwenye stendi ya dripu ili aipeperushe juu ya kichwa, akazunguka nayo, akamkumbatia mkwewe mtoto akiwa katikati, akampiga mgongoni mara kadhaa kama anayemsaidia aliyepaliwa.

Mlango, ambao sasa haukupiga kelele, ulikuwa umefunguka bila sisi kujua. Mama wa mtoto alikuwa amesimama hapo, mkono mmoja ukutani, mwingine juu ya mshono wake, na muuguzi wa wodi ya wanawake nyuma yake. Alikuwa ametembea mwenyewe. Alitutazama mmoja mmoja.

“Mama,” alisema kwa sauti dhaifu lakini iliyo wazi kabisa. “Mbona unamkumbatia mume wangu, na hana shati?”

Khanga ilisimama hewani. Bibi na mkwewe walitazamana, kwa mara ya kwanza, nadhani, tangu harusi. Halafu kila mmoja alitafuta njia. Bibi alikimbilia nyuma ya pazia la dirisha. Baba hakuweza kukimbia popote, kwa kuwa alikuwa amefungiwa mtoto kifuani, hivyo akajikunyata kwenye kiti na kujifunika kwa faili lililokuwa karibu, na faili lilikuwa dogo.

“Msinichekeshe,” alisema mama yule, akiukamata mshono, machozi yakimtoka. “Jamani, msinichekeshe, nyuzi zitakatika.”

Tulimketisha. Nilimfungua mtoto kutoka kwa baba yake, nikampeleka wazi, bila kificho chochote, mpaka kifuani kwa mama. Alikuwa bado anacheka na kulia, na kifua chake kilitikisika, na nilitaka kumwambia asubiri kidogo atulie, kwamba watoto njiti huchukua muda kujifunza na asivunjike moyo. Nilikuwa na maelezo marefu. Mtoto aligeuza kichwa, akatafuta, akakosea, akatafuta tena, akapata, na kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshaanza kunyonya.